Mbavu Tano kwa Safu ya Nyuma

"Wewe ndiye Daktari wa Mbavu?"

"Ndiyo mimi. Karibu. Unataka ya shule au..."

"Umemuua mume wangu!"

Nilikuwa na pini tatu mdomoni. Nilizitema zote mezani.

"Dada... umekosea namba."

"Sijakosea! Jina lako liko hapa kwenye simu yake! Alikuwa anaangalia hiyo katuni yako! Amecheka, amecheka, mara akashika tumbo... damu ikaanza kuchuruzika! Nyuzi zimeachia! Wamemkimbiza chumba cha upasuaji sasa hivi!"

"Nyuzi gani, dada?"

"Amepasuliwa tumbo siku sita zilizopita! Hakukwambia?"

Jamani... hakuniambia! Na mimi sikumuuliza.

Wanakundi wenzangu, najua leo ni Ijumaa. Najua kila Ijumaa naweka katuni tano mpya za shule, za kuchekesha, na mnakaa mnazisubiri. Leo hakuna orodha. Leo kaeni chini mnisome mimi.

Kwa wageni, nijitambulishe. Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule. Sketi za marinda, mashati, kaptula, hiyo ndiyo kazi yangu kuanzia asubuhi. Mguu uko kwenye cherehani, simu nimeiegemeza kwenye rili ya uzi, na kwenye simu kuna anime, katuni za Kijapani. Si zile za mapanga na mashetani. Hizo mtaniwia radhi, zinanitia usingizi.

Mimi napenda za shule. Mwalimu anateleza na madaftari yake. Mwanafunzi anakimbilia mlango uliokuwa wazi, unafungwa usoni mwake. Ndoo iliyowekwa juu ya kabati, nyote mnajua itaanguka, mnajua itamwangukia nani, na bado mnacheka!

Ndiyo maana nilianzisha kundi hili. Tulianza watu kumi na wawili, leo tuko elfu sita. Ukiniuliza niangalie nini, nakujibu kwa kipimo changu.

Mbavu moja, utatabasamu. Mbili, utatoa sauti. Tatu, jirani atauliza kuna nini. Nne, utashuka kwenye kiti mwenyewe. Tano... ukiwa umeshika chai, weka chini kwanza.

Mnakumbuka ile ya mwalimu mkuu anayegombana na kengele ya shule kila asubuhi, na kengele inashinda? Mbavu mbili, inawafaa hata wazee. Ile ya kikundi cha usafi, wasichana watatu na sabuni nyingi kupita kiasi, shule nzima inateleza mpaka nywele za bandia za makamu mkuu zinaishia dirishani? Mbavu tatu. Ile ya mbio za mkate wa mwisho kwenye duka la shule? Nne, na sipunguzi!

Na kundi lina sheria moja tu. Usipendekeze kitu ambacho hujakiangalia chote, mwanzo hadi mwisho. Sheria hiyo niliiweka mimi. Kuna watu nimewatoa humu kwa sababu yake, na wengine walilia inbox.

Ishikeni hiyo sheria, nitairudia. Mganga hajigangi.

Basi kulikuwa na mwanakundi mmoja anajiita Safu ya Nyuma. Wengine mnamjua, yule asiyeweka picha wala kukomenti hadharani. Ana mwaka na kitu tangu ajiunge. Kila siku, mchana mchana hivi, anakuja inbox kwenye namba yangu ya kundi, si ile ya zamani wanayoijua ndugu zangu.

"Daktari, ya leo?"

Nampa.

Kesho yake anarudi.

"Ile ilikuwa tatu na nusu, Daktari. Umenipunja."

Nilimzoea. Nisiwafiche, kuna siku alichelewa kidogo tu nikajikuta nachungulia simu. Hakuwahi kunitongoza wala kuniuliza naishi wapi. Alitaka watu waanguke shuleni, basi.

Wiki mbili zilizopita akapotea siku sita. Jumatatu ya wiki iliyopita akarudi.

"Daktari, nipe tano. Nina siku mbaya sana."

Mtu mwenye akili timamu angeuliza, mbaya vipi?

Mimi nilikuwa na sketi arobaini na mbili za kukabidhi saa kumi. Nikaandika haraka haraka. Nikampa ile ya kijana ambaye kila akifungua mdomo kumwambia neno msichana wa dawati la mbele, kitu kinamwangukia. Mara mpira, mara ubao, mara mwalimu mzima.

"Anza nayo leo," nikamwambia. "Usipocheka, nafunga kundi!"

"Nimeanza," akajibu.

Akacheka. Sasa mke wake analia sikioni mwangu na marinda yangu yako chini ya sindano.

"Akifa," akasema yule mwanamke, "nitakutafuta popote ulipo. Tuko hospitali kubwa, wodi ya upasuaji ya wanaume. Kama una roho ya mtu, njoo uone ulichofanya!"

Akakata.

Nitawaambia ukweli, maana leo ni siku ya ukweli. Kidole gumba changu kilikuwa juu ya neno "zuia". Angenipata wapi? Ningebadilisha jina, mambo yakaisha.

Lakini alisema, kama una roho ya mtu...

Nikainuka kwenye stuli yangu. Hapo niseme kidogo kuhusu hiyo stuli, kwa sababu wateja wangu huicheka. Nimeipigilia misumari sakafuni, miguu yote minne. Mteja akitaka kuisogeza akae karibu na dirisha, anavuta weee, haiji. Anacheka, nami nacheka naye.

Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini.

Nilifika hospitali saa nane mchana. Ukumbi ulikuwa umetoka kupigwa deki. Mwanaume mmoja mwenye fomu mkononi akateleza mbele yangu, miguu ikaenda juu, fomu zikatapakaa, akajigonga ukutani.

Kwenye katuni hiyo ingekuwa mbavu tatu safi. Pale hakuna aliyecheka. Mimi nilishika ukuta.

Mwanamke alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango wa chumba cha upasuaji, amenipa mgongo. Khanga yake ilikuwa na damu upande mmoja. Nikamsogelea taratibu.

"Dada... samahani..."

Akageuka.

Wifi yangu!

Mke wa kaka yangu! Kaka yangu wa tumbo moja, ambaye sijaongea naye miaka mitatu! Kwenye simu kilio kiliificha sauti yake.

"Wewe?" akasema. "Nani amekwambia? Nilikataza usiambiwe! Alisema asikusumbue!"

Niliitazama ile damu kwenye khanga yake.

"Nakuuliza, nani amekuita hapa?"

"Wewe, wifi. Wewe umeniita."

Akanitazama kama mtu aliyeongeleshwa na kichaa. Halafu akaitazama simu aliyoishika, simu ya mumewe. Akabonyeza namba aliyoipiga mara ya mwisho, polepole, macho yake yako kwangu.

Mkoba wangu ukaanza kuita.

Tukausikiliza wote wawili. Uliita mpaka ukanyamaza wenyewe.

"Umelipiza," akasema wifi.

"Hapana!"

"Umelipiza! Miaka mitatu umekaa unasubiri! Ulijua amelazwa, ukamtumia kitu cha kumpasua!"

"Haki ya Mungu sikujua ni yeye!"

"Watu elfu sita kwenye hilo kundi lako, na ukampa yeye!"

Wasomaji wangu, ili mjue kwa nini hakuna ambaye angeniamini, lazima niwarudishe nyuma kidogo. Hapa ndipo panaponiuma.

Mimi na kaka tulikuwa pacha wa kicheko. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunachungulia katuni dirishani kwa jirani mwenye televisheni, tumesimama juu ya debe. Yeye mkubwa, ananishika kiunoni nisianguke. Kisha tunarudi nyumbani tunayaigiza yote. Mchezo wake mkuu ulikuwa kiti. Unataka kukaa, anakivuta, unakaa hewani, puu! Mama alichapa mpaka akachoka.

Tukakua, tukaoa na kuolewa. Mchezo haukuisha.

Miaka mitatu iliyopita tulikuwa kwa mama, mchana, tunakula. Nikashusha sahani, nikataka kukaa. Kaka akavuta kiti.

Nilikuwa na mimba ya miezi minne. Tulikuwa hatujamwambia mtu yeyote. Niliisubiri miaka sita.

Daktari alisema huenda ingetoka hata bila kuanguka. Sikutaka kumsikia. Mwaka uliofuata mume wangu akaondoka, nalo nikamtwika kaka. Alikuja mlangoni kwangu mara tatu kuniomba msamaha. Mara ya tatu nilimwambia hivi, mbele ya watu.

"Siku ukianguka wewe, sitakuja hata kukuokota."

Wifi alikuwepo. Aliyasikia kwa masikio yake.

Sasa niambieni, nani angeniamini?

Mama akafika na mfuko wa shuka safi. Wifi akamweleza yote kwa pumzi moja. Mama hakupiga kelele. Aliweka mfuko chini, akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo na sukari imeibiwa.

"Mwanangu. Nitakuuliza mara moja tu. Ulijua?"

"Sikujua, mama. Anajiita Safu ya Nyuma. Hana picha. Sikujua ni kaka, wala sikujua anaumwa!"

"Apa."

"Naapa kwa Mungu aliyeniumba, mama. Sikujua!"

Mama akaniachia kidevu. Hakusema ananiamini, wala hakusema haniamini. Akaenda kukaa na wifi, na mimi nikabaki nimesimama.

Tukasubiri.

Nilimwomba Mungu nikiwa nimeegemea ule ukuta. Mungu, kila mtu niliyewahi kumchekesha na anichukie, lakini huyu mwache. Nilimwambia siku akianguka sitamuokota. Nimekuja, Mungu. Nimekuja kumuokota, mwache nimuokote!

Saa kumi na nusu mlango ukafunguka. Daktari alikuwa na alama ya barakoa usoni.

"Ndugu wa mgonjwa?"

Tukainuka watatu.

"Tumbo tumelifunga upya, lakini amepoteza damu nyingi. Hatujajua. Tunamwangalia."

"Ataamka, daktari?" mama akauliza.

"Tunamwangalia, mama."

Kisha akatutazama mmoja mmoja.

"Nilimwambia huyu mtu kwa mdomo wangu. Asikohoe bila kushika mto tumboni, asinyanyue kitu, asicheke. Alikuwa anaangalia nini?"

Wifi alinitazama, na hilo lilitosha.

Akaniambia, "Humo ndani huingii. Akifa, mzike huko mtandaoni na elfu sita wako."

Siku mbili, wanakundi. Siku mbili nilikuwa nakuja saa ya kuona wagonjwa, nasimama kwenye ukumbi ule ule, wenzangu wanaingia na mimi nabaki na mfuko wa machungwa ambayo hakuna anayeyapokea. Mlikuwa mnaniandikia, "Daktari, ya leo?" Niliyaona. Kila mlipoandika hivyo nilikuwa naiweka simu kifudifudi.

Sketi arobaini na mbili nilizikabidhi nimechelewa. Kumi na moja kati yake nilizishona marinda yakiangalia nyuma. Fundi wa miaka kumi na tano!

Nilikuwa nawaza, je, akienda? Neno la mwisho aliloandika kwa mtu yeyote duniani litakuwa lile aliloniandikia mimi, "nimeanza." Nililisoma mpaka macho yakaniuma.

Siku ya tatu mama akatoka wodini peke yake.

"Ameamka. Anakuita."

"Na wifi?"

"Wifi yako amekataa. Mgonjwa akasema asipokuona, anashuka kitandani kuja mwenyewe. Ingia haraka kabla hajatuua sisi."

Niliingia.

Kaka yangu alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani, dripu mkononi, bendeji imemzunguka tumbo lote. Wifi alisimama kichwani pake, mikono ameifunga kifuani. Kando ya kitanda palikuwa na kiti cha plastiki. Nilisimama mbali nacho.

"Tano," akanong'ona.

"Kaka, usiongee."

"Tano kamili. Ningeweza hata kuipa sita."

Pembe za mdomo zikaanza kucheza.

"Thubutu ucheke!" akafoka wifi. "Thubutu!"

Kaka akafumba macho mpaka kicheko kikampita. Alipoyafumbua yalikuwa yamejaa maji.

"Ulinijuaje?" akaniuliza.

"Nini?"

"Nilijificha vizuri. Mwaka mzima. Mimi nilikujua siku ya kwanza tu. Nani mwingine duniani anahesabu kicheko kwa mbavu? Tulikuwa tunahesabu vile juu ya debe, mimi na wewe. Nikasema ngoja niwe nakuja kila siku nipate hata mstari mmoja. Ukinijua utanifukuza, basi nikakaa kimya."

Nilishika chuma cha kitanda.

"Halafu siku nimelala hapa, nimejaa maumivu, nakuomba tano... ukanitumia ile."

"Ile ya kijana wa..."

"Ya kiti."

Kiti?

"Sehemu ya kwanza," akasema kaka. "Siku ya kwanza shuleni. Msichana mgeni anataka kukaa, yule kijana anamvutia kiti. Anaanguka vibaya, anabebwa. Nilitaka kuitupa simu. Nikasema amenijua, ananirudishia. Halafu nikaona kijana anamkimbilia kwenda kumwomba msamaha, mlango unamgonga. Anainuka, anakimbia tena, ndoo inamwangukia. Anainuka... Ni mimi yule! Ni mimi mlangoni kwako! Nikacheka huku nalia. Nikasema mtu hawezi kumtumia mwenzake kitu kama hiki kama hajamsamehe. Nyuzi nilizisikia zinaachia. Sikuweza kuacha."

Wanakundi... nilipoa mwili mzima.

Sheria ya kundi mnaikumbuka?

Sehemu ya kwanza ya ile katuni sijawahi kuiangalia! Mmoja wenu aliandika kwenye komenti zamani, "inaanza na mtu kuvutiwa kiti." Na mimi tangu siku ile kwa mama, mtu akivutiwa kiti kwenye skrini, nafunga macho. Hiyo nikairuka kabisa. Nilianzia sehemu ya pili. Nilijua kuna neno kijana anataka kusema, nikadhani ni mapenzi, si ndivyo yanavyokuwa? Sehemu ya mwisho anamsogezea msichana kiti, msichana anakaa, wanatazamana, imeisha. Nikadhani ni adabu tu. Nililia sana siku ile na nikashangaa ninalilia nini.

Sikujua ni kaka. Sikujua ni kiti. Nilikuwa naharakisha sketi!

"Ulijua ni mimi," kaka akasema. "Si ndiyo? Si ulijua?"

Mama alikuwa miguuni pa kitanda. Mama niliyemwapia.

Wifi alikuwa kichwani. Wifi aliyekuwa anasubiri neno hilo hilo. Nikisema nilijua, basi nimekiri mbele yake kwamba nilimtumia mumewe kicheko cha kumpasua tumbo, na itakuwa hivyo mpaka naingia kaburini. Nikisema sikujua, kaka yangu aliyerudi sasa hivi kutoka kwa wafu ataambiwa msamaha aliochanika kwa ajili yake haukuwahi kutumwa.

Alikuwa ananitazama vile alivyokuwa akinitazama juu ya lile debe.

"Niambie ulijua, mdogo wangu."

"Nilijua, kaka."

"Umesema nini?" wifi akadakia.

"Nimesema nilijua. Nilijua ni yeye."

Mama akainamisha kichwa. Kaka machozi yalimtiririka kuelekea masikioni, na hakuyafuta.

Kisha akanyoosha mkono, ule ule wenye dripu. Akakishika kile kiti cha plastiki kwa mgongo wake, akakisogeza. Kidogo tu, nguvu hakuwa nazo.

"Kaa."

Mnielewe. Miaka mitatu sijakaa kwenye kiti ambacho mtu amekishika. Harusini nakaa ukutani. Kanisani nakaa kwenye benchi refu. Stuli yangu nimeipigilia misumari!

Nilikitazama kile kiti. Nikautazama ule mkono.

Nikageuka, nikampa kaka mgongo. Nikakaa.

Kiti kilikuwepo.

Nililia pale mpaka nesi akaja kuuliza mgonjwa ni yupi.

Saa ya kuona wagonjwa ilipoisha, wifi akanifuata ukumbini. Nikajiandaa kupigwa.

"Nimeuona uso wako," akasema. "Alipotaja kiti. Hukujua."

"Sikujua, wifi."

"Wala hukujua ni yeye."

"Wala sikujua ni yeye."

"Sasa kwa nini umesema vile? Ulijua nitakuchukia!"

"Wewe ungemjibu nini?"

Wifi akatoa simu yake mwenyewe, akahangaika nayo kidogo, akanionyesha. Jina langu alikuwa ameliandika "Muuaji". Akalifuta mbele yangu herufi moja moja, akaandika "Wifi". Halafu akaupokea ule mfuko wa machungwa.

Sasa nifike nilikokuwa naenda.

Safu ya Nyuma, najua umerudi nyumbani jana. Najua wifi amekunyang'anya simu mara mbili, na najua unasoma hapa chini ya shuka.

Kaka, nilikudanganya.

Sikujua ni wewe. Ile katuni ilikuwa bahati tu, na haraka ya kazi. Msamaha ulioupokea siku ile kitandani sikuutuma mimi. Umekaa nao wiki nzima na mimi kila ukinishika mkono roho inanisuta, kwa sababu unanishukuru kwa kitu ambacho sikutoa.

Basi nakitoa leo, mbele ya watu elfu sita, kwa maneno yangu na si ya katuni. Nimekusamehe kaka. Mlango niliokufungia mara tatu uko wazi. Na wewe unisamehe lile neno la kutokukuokota.

Nyie wengine, nanyi chukueni chenu. Mkiwa na samahani, msiitafutie filamu wala stetasi wala wimbo. Isemeni kwa mdomo, hata kama ndoo itawaangukia. Na sheria ya pili ya kundi kuanzia leo ni hii. Kabla hujampa mtu mbavu, muulize kwanza ana nyuzi ngapi. Mtu akikwambia ana siku mbaya, kazi yako ya kwanza ni kumuuliza, mbaya vipi? Sketi zitasubiri.

Mimi nimevunja sheria ya kwanza, kwa hiyo najitoa uadmin kwa mwezi mmoja. Aliyetolewa kwa sheria hiyo aje inbox, arudi.

Asubuhi nilichukua nyundo nikang'oa misumari ya ile stuli, yote minne. Mteja wa kwanza aliisogeza dirishani bila hata kujua. Kisha nikaiangalia sehemu ya kwanza, mwanzo hadi mwisho, macho wazi. Mbavu zake bado sijaweza kuzihesabu.

Nijibu, kaka. Ila nijibu kwa maneno. Usicheke, bado wiki tano.